Wiki moja ya Agosti chini ya tanga: Lamu, Kilifi au Wasini?

Julai hii Nairobi imekuwa ya sweta mbili na chai ya tangawizi, na chama chetu cha watu sita kimefikia siku ya kuvunja kibubu. Tulianza kwa kununuliana sufuria. Mwaka huu tumeweka akiba kwa jambo moja tu: wiki ya Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule, tukae baharini kwenye chombo cha tanga. Pesa zipo. Kinachotugombanisha ni mahali. Katika mkutano uliopita, sebuleni South B, wawili walitaka Lamu, wawili Kilifi, mmoja Wasini, na mweka hazina akasema popote pale mradi treni inafika. Kazi ya kulinganisha nikatwikwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyepiga kelele zaidi.

Kelele zangu zina historia. Miaka miwili iliyopita nililipia safari ya dau ya machweo, sehemu fulani ya pwani ambayo sitaitaja. Injini ilinguruma kutoka gatini hadi tuliporudi gatini. Tanga lilipandishwa mara moja, tukapigwa picha, likakunjwa. Nilipomuuliza nahodha, alinijibu kwa upole kwamba upepo wa siku hiyo ungetupeleka lakini usingeturudisha kabla ya usiku. Alisema kweli, na mimi sikuwa nimeuliza chochote kabla ya kulipa. Kwa hiyo humu nina kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote: kwa siku, ni saa ngapi tanga litakuwa juu na injini imezimwa? Kitanda, samaki wa kupaka na picha vitafuata nyuma.

Anza na kusi

Watu wa bara tunachagua pwani kwa hoteli. Anayetaka tanga achague kwa upepo. Agosti ni mwezi wa kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, ukiwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Ndio uliokuwa ukiyapeleka majahazi kaskazini, Arabuni na Bara Hindi, yakishakuja huku kwa kaskazi ya Desemba hadi Machi. Mwishoni mwa Agosti kusi huanza kulegea kuelekea msimu ambao mabaharia huuita demani, na hapo bahari huwa ya kistaarabu zaidi. Ukiweza kusogeza likizo yako kutoka wiki ya kwanza ya Agosti hadi ya tatu, sogeza.

Maana yake ni kwamba Agosti haikosi upepo. Inachoweza kukosa ni maji yaliyotulia. Kusi ikivuma siku tatu mfululizo kwenye bahari wazi huleta mawimbi ambayo mashua ya watalii haina haraka ya kukutana nayo. Unachotafuta basi ni mahali ambapo upepo unafika lakini mawimbi yamezuiwa na kisiwa, mwamba au mkono wa bahari ulioingia bara. Sehemu zote tatu tunazozigombania zina kizuizi cha aina hiyo, ila kila moja ina chake, na hapo ndipo zinapoachana.

Lamu

Hapa nitakawia, na wenzangu wa Kilifi wanivumilie.

Kizuizi cha Lamu ni visiwa vyenyewe. Lamu, Manda na Pate vimejipanga mbele ya bara, na nyuma yake kuna njia za maji, mikoko na vijito ambamo unaweza kusafiri siku nzima bila kuiona bahari kuu. Upepo unapita juu ya vilima vya mchanga vya Shela na juu ya mikoko, ukifika kwako bado una nguvu, lakini wimbi limebaki nje. Kwa mtu wa tanga, hiyo ni zawadi.

Jambo la pili ni watu. Lamu tanga halijawa pambo. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watalii huja kwa ajili ya milango iliyochongwa, lakini ukienda Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, utakuta vyombo vikiundwa kwa mkono ufuoni. Flipflopi, lile dau lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, liliundwa Lamu, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Vijana wa Lamu hushindana kwa mashua, na ukiwaona wanavyokalia ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, miili ikining'inia juu ya maji ili chombo kisilale, utaelewa kwa nini hawaoni haja ya kukimbilia injini kila mara.

Siku ya kwanza nenda Takwa. Ni magofu ya mji wa Waswahili upande wa Manda, ulioachwa karne ya 17. Kaburi lake la nguzo lina maandishi ya mwaka 1094 Hijria, ambao ni 1683 hivi Miladia. Unafika kwa kijito kinachopita katikati ya mikoko, na hapa ndipo wageni wengi huumbuliwa, kwa sababu kijito hicho kinataka maji yaliyojaa. Maji yakikupwa ukiwa ndani, utalala na mbu.

Kwa hiyo jifunze hesabu moja ndogo kabla ya kukata tiketi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari ina bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita nne. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hizo hubadilishana: yanajaa asubuhi, ila hayapandi sana. Kila siku saa ya maji husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Ukiijua hiyo, huhitaji kubishana na nahodha akikwambia mtaondoka saa nane mchana badala ya asubuhi. Hajachelewa kuamka. Anayangoja maji.

Safari ya kweli, ile ninayoitetea mbele ya chama, ni ya siku tatu au nne kwenda Pate. Mnatoka Lamu, mnapita Mkanda, ile njia nyembamba kati ya Manda na bara ambayo nayo inataka maji, kisha mnaelekea Mtangawanda, Siyu na Faza. Kusi iko tezini, nyuma ya chombo, tanga limejaa, na chombo kinakwenda chenyewe huku mpishi akikuna nazi. Usiku mnalala kwenye mashua au kwenye mchanga. Ajabu iko kwenye kurudi. Upepo uleule uliokupeleka sasa uko omo, mbele yenu, na nahodha anaanza kubisha: kwenda huku kwa pembe, kugeuza foromali (mti unaobeba tanga), kwenda kule kwa pembe. Mwendo uliochukua asubuhi moja unaweza kumeza siku. Wengine hapo ndipo huwasha injini, na siwalaumu. Lakini kama mlipanga siku mbili za kwenda na moja ya kurudi, mmepanga kinyume. Agosti, tenga muda mrefu zaidi wa kurudi kusini.

Ubaya wa Lamu ni njia. Ndege kutoka Wilson hutua Manda, kisha unavuka kwa boti, na bei yake ni ya kumfanya mweka hazina avue miwani. Kwa barabara, unateremka Mombasa, unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Lami ipo, na vituo vya ukaguzi vipo, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni. Kabla ya kupanga basi, sikiliza hali ya usalama ya wiki hiyo na usafiri mchana. Ukitoka Nairobi kwa njia hii, hesabu siku nzima na nusu kabla ya kukanyaga mashua, na vivyo hivyo kurudi. Wiki ya siku saba inakuwa ya siku nne. Jambo jingine, kwa wale wa chama wanaojijua: huu ni mji wa Waislamu wenye heshima zake. Bia ni chache, kaptura fupi huvaliwa Shela na si katika vichochoro vya mji, na Ijumaa mchana usitegemee nahodha.

Kilifi

Pwani kuna mahali ambapo unaweza kupanda treni Nairobi asubuhi na kabla ya siku kwisha umeshika kamba ya tanga? Ni karibu hivyo. Treni ya SGR kutoka Syokimau huchukua saa tano hivi hadi Miritini, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 1,500 tangu 2024, na kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi, ingawa Mtwapa inaweza kukuonyesha kwamba foleni si mali ya Nairobi peke yake. Kesho yake asubuhi uko majini. Mweka hazina, kama mnavyokisia, ni wa Kilifi.

Kizuizi cha Kilifi ni hori, mkono wa bahari wenye kina unaoingia bara na kupanuka kama ziwa ukishapita daraja. Upande wa kusini kuna magofu ya Mnarani juu ya mwinuko. Ndani ya hori, kusi inavuma juu ya maji bapa. Mashua za wageni waliozunguka dunia hutia nanga hapa, na kwa sababu yao kumekuwa na mafundi, vifaa na watu wanaofundisha kuendesha vyombo vidogo vya tanga. Hilo ndilo linaloipa Kilifi nafasi ya pekee: Lamu utapelekwa, Kilifi unaweza kufundishwa. Ukikaa siku nne na mwalimu kwenye kiboti cha watu wawili, utaondoka ukijua kwa nini tanga linapigapiga, namna ya kulegeza demani (hapa si msimu, ni kamba ya tanga) upepo ukizidi, na namna ya kugeuza bila kupigwa kichwani. Sijui kwa nini tunaona aibu kujifunza tukiwa likizoni, ilhali tunalipa karo mwaka mzima.

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, ingiza mkono majini. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huwaka vikiguswa, na kila kasia linaacha mstari wa mwanga. Ukitaka hilo, panga wiki ya mwezi mwandamo, si ya mwezi mpevu.

Mpaka wake pia usemwe. Hori ni nzuri lakini ni ndogo. Siku ya tatu utakuwa umeizunguka. Ukitaka kutoka nje baharini Agosti, mlangoni mwa hori maji yanayokupwa hukutana uso kwa uso na kusi, na hapo mawimbi husimama wima. Nahodha mwenye akili atakwambia tungoje maji yageuke. Asiyekwambia hivyo, tafuta mwingine. Kwa hiyo safari ndefu ya usiku kucha chini ya tanga usiitegemee hapa mwezi huu.

Wasini

Mwenzetu mmoja, ambaye ameshatuonyesha video za pomboo mara nane, anataka Wasini. Njia ni rahisi kuliko zamani: kutoka stesheni ya Miritini unashika barabara ya Dongo Kundu na kuukwepa ule msongamano wa feri ya Likoni, kisha unateremka hadi Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini kuna mlango wa maji uliotulia. Kisiwani hakuna magari, kuna bustani ya mawe ya matumbawe unayoitembelea kwa njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha akina mama, na kuna kaa aliyepikwa kwa nazi ambaye peke yake anastahili safari.

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, yenye matumbawe na kasa, iko kusini ya kisiwa. Kusini, yaani upande uleule unakotoka kusi. Agosti, kutoka Wasini hadi Kisite ni kwenda kichwa kichwa na upepo, kwa hiyo chombo hupelekwa na injini, na tanga hupandishwa wakati wa kurudi ikiwa nahodha ana moyo. Asubuhi mapema bahari ni pole zaidi. Kufikia alasiri wenye matumbo mepesi huwa wamejuta. Maji nayo hayana ule uangavu wa Januari na Februari.

Lakini kuna jambo ambalo Lamu na Kilifi haziwezi kuliahidi kwa urahisi huo. Kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na Shimoni na Watamu ni sehemu za kwenda kuwatafuta. Kama mwanao ameshajua majina ya nyangumi wote, kipimo changu cha tanga kiweke kando, nenda Wasini, lipia injini kwa moyo mweupe. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo ilipe mapema ukiwa bado na mtandao mzuri.

Kwa alama zangu basi: Lamu saa tano au sita za tanga kwa siku, Kilifi tatu au nne lakini ukishika kamba mwenyewe, Wasini moja, ukibahatika.

Na kwingine?

Naivasha ilitajwa, kilomita 90 tu kutoka hapa. Upepo wa alasiri upo, lakini maboti ya kukodi ni ya injini, na viboko hawatambui haki ya njia. (Wazee wetu walikuwa na bahati: bwawa la Nairobi pale Lang'ata, lililojengwa miaka ya 1950, lilikuwa na klabu ya vyombo vya tanga kabla gugu maji na majitaka hayajalimeza. Leo ukipita hapo huamini.) Kisumu na Rusinga wana wavuvi wanaotumia tanga kuliko tunavyodhani, ila ziwa lina dhoruba za ghafla na huduma ya wageni wa tanga bado ni ndogo. Zanzibar ni nzuri. Nungwi, ncha ya kaskazini, imejikinga na kusi na ni kijiji cha waundaji wa vyombo. Lakini watatu kati yetu pasipoti zimeisha muda, na mjadala ukaishia hapo.

Nani aende wapi

Aliye na siku nne tu asiende Lamu kwa barabara. Atatumia likizo yake Garsen. Kilifi imeandikwa jina lake. Mwenye watoto chini ya miaka sita, vilevile Kilifi, kwa kuwa hori haimsumbui mtu na nchi kavu iko karibu kila wakati mtoto anapotaka choo, yaani kila baada ya dakika ishirini. Mwenye mama mkwe, nilisita hapa, kisha nikaamua Lamu mjini bila ile safari ya Pate: vichochoro havina magari, punda wana adabu kuliko bodaboda, na jioni safari ya mashua ya muda wa saa mbili inamtosha. Anayetapika kwenye matatu ya Ngong asipelekwe Kisite Agosti. Na anayetaka kuondoka na kitu mikononi mwake, ujuzi na si picha, aende akafundishwe Kilifi mwaka huu, Lamu mwakani.

Popote mtakapoenda, nahodha aulizwe mambo haya kabla ya pesa kutumwa kwa simu. Tanga litapandishwa saa ngapi, na tukirejea upepo utakuwa wapi? Jaketi za kuokoa maisha ni ngapi, na zipo za watoto? Nilishaona mashua ya watu kumi na nne yenye jaketi sita, zimefungiwa chini ya farumi, ile mizigo ya kutuliza chombo. Chombo kina cheti cha KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini nchini? Siku ya bamvua tutafunga wapi? Nahodha mzuri hufurahia maswali haya. Utamjua kwa kuwa ataanza kukujibu kwa mkono, akikuonyesha upepo.

Mkononi mwako beba koti jepesi lisilopenya maji. Mtu wa Nairobi hucheka akisikia baridi ya pwani, kisha kusi inamrushia maji ya chumvi saa kumi na mbili jioni na kicheko kinaisha.

Jana usiku tulipiga kura ya pili. Lamu nne, Kilifi mbili, na wa pomboo akaahidiwa Septemba. Tunaondoka wiki ya tatu ya Agosti, kwa ndege kwenda, kwa barabara kurudi, ili kila mtu aumie kidogo. Mweka hazina ameridhia kwa sharti moja, ambalo limeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano na kutiwa saini na wote sita: injini ikiwashwa kabla ya Mtangawanda, mafuta ni juu ya mwandishi wa ulinganisho huu.